Mahali Baba Alipoinua Plau

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, na kaka yangu alikuwa mlinzi wa mpaka wa shamba hilohilo. Mama, siku akiwa na furaha, alisema sisi tunakula ngano mara mbili. Tulikuwa tumehama kutoka Bashay, ambako ardhi ilikuwa imebanana kiasi kwamba kuku wako akipiga hatua mbili yuko kwa jirani, tukaja kukaa upande wa Getanuwas kufuata kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Nikawa nyumbani na mama na mdogo wetu wa mwisho, nikichota maji, nikitwanga, na nikiwajibu watu. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiweza zaidi. Mama alikuwa akilalamika kwamba mdomo wangu hauna breki, na baba, ambaye breki alizijua vizuri, alikuwa akicheka tu.

Mpaka wenyewe haukuwa na ukuta wala waya. Ulikuwa mkuza, yaani ukanda mtupu uliolimwa kulizunguka shamba lote ili moto wa porini usiingie kwenye ngano. Ndani ya mkuza ni ngano, nje ya mkuza ni malisho ya wafugaji. Anayevuka na ng'ombe amevamia, na walinzi walipewa bunduki kwa ajili hiyo. Baba ndiye aliyeulima mkuza kila kiangazi, na kila kiangazi, kwa maagizo ya ofisini, mkuza ulisogea kidogo kwenda nje. Alituambia habari hizo wakati wa kula, kama mtu anayeongea juu ya mvua. Mwaka huu tumefika kwenye ule mgunga mkubwa, alisema kiangazi kimoja. Mwaka uliofuata mgunga ulikuwa ndani, na mwaka wa tatu haukuwepo kabisa.

Hatukuona ubaya wowote. Nasema hivi kwa sababu leo watu wa rika langu wakikaa kuzungumza, kila mmoja anadai aliona mapema. Mimi sikuona. Niliona mshahara wa baba, viatu vipya vya kaka, na mkate wa kweli siku ya Pasaka.

Maziwa tuliyapata kwa mama mmoja wa wafugaji, aliyekaa mbali kidogo, ng'ambo ya mkuza. Alikuja na kibuyu kilichonukia moshi, sisi tukampa mahindi. Biashara yetu haikuwa na maneno mengi, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na changu mimi, niliyekua na Kiiraqw mdomoni, hakikuwa kikubwa vile. Nilimpa shikamoo yake, yeye alicheka, akaniwekea mkono kichwani. Nilimwita mama wa maziwa. Mume wake nilimwona mara mbili tatu tu, mtu mrefu mwenye shuka jeusi, aliyesimama kwa mguu mmoja akisubiri ng'ombe wamalize kunywa.

Kaka yangu alimpiga risasi mtu huyo mchana mmoja wa kiangazi kikali, mwaka ambao majani yalikuwa yamekauka kila mahali isipokuwa pembezoni mwa ngano.

Alirudishwa nyumbani na Landrova ya shamba. Alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akasema, "Mama, nimeua mtu." Msimamizi wa shamba, aliyekuja naye, akamrekebisha palepale. Akasema kijana alikuwa anajitetea, yule mfugaji aliingia kwenye ngano na mkuki, mambo yote yameshaandikwa na yatakwenda vizuri. Kaka yangu hakuitika wala hakukataa. Mama yangu, mwanamke wa kanisani ambaye hakukosa ibada hata akiwa na homa, alikwenda jikoni akamletea maji kwenye kikombe cha bati tulichokuwa tumekiacha pembeni kwa sababu kilikuwa na kutu. Kuanzia siku hiyo kikombe hicho kikawa chake peke yake, na sahani yake nayo ikatengwa. Kwetu mtu aliyegusa damu ya mtu hachangii chombo wala moto na wenzake mpaka atakaswe. Mama hakusema lolote kuhusu jambo hilo, na kaka hakuuliza.

Ndugu wa marehemu waliuchukua mwili wao. Pale alipoangukia waliweka matawi ya miiba, wakayapanga duara. Mtu yeyote wa sehemu zile, awe mfugaji au mkulima, alijua maana yake. Udongo uliokunywa damu haulimwi wala haukanyagwi.

Basi yakaanza maneno. Sijawahi kusikia watu wakibishana namna ile, na nimezeeka nikiwa kwenye vikao. Kwenye mashine ya kusaga, kanisani baada ya ibada, kilabuni, kwenye foleni ya zahanati, swali lilikuwa moja tu. Mlinzi aliyepewa bunduki na serikali, akaua akiwa kazini, ashtakiwe au asishtakiwe? Madereva wa mashine za kuvuna walisema akifungwa huyu, kesho walinzi wote watatupa bunduki na ngano italiwa mpaka mzizi. Mwalimu mmoja aliyeletwa kutoka kusini alisema kupewa bunduki si kupewa ruhusa ya kuua, na kwa neno hilo watoto wa wafanyakazi wa shamba walikatazwa kumbebea maji. Katekista aliwaombea wote wawili, aliyekufa na aliyeua, akakuta kila upande umemnunia. Wanawake wa mashineni walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Angekuwa aliyekufa ni mtu wa kambini kwa wafanyakazi wa shamba, walisema, msingekuwa mnauliza kama ashtakiwe.

Mwishowe akaja ofisa kutoka wilayani, mkutano ukaitwa uwanja wa shule. Wafanyakazi wa shamba walikaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na sisi tuliokaa kijijini pamoja na wakulima katikati, tukitazama huku na huku. Ofisa alisema serikali inataka kusikia wananchi. Wananchi wakasikika. Walisikika mpaka jua likageuka.

Na mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Msichana hakusimama kwenye mikutano siku zile, lakini nilikuwa nimesikia kijana mmoja wa wafugaji akimwita kaka yangu fisi, na damu ikanipanda.

"Ng'ombe wenu wana macho," nikasema, "na nyinyi mna macho. Anayeingia kwenye nyumba ya watu bila hodi asilalamike akikutana na rungu. Kaka yangu hakumfuata mtu kwake. Mwizi wa majani ni mwizi!"

Watu wa kambini walinipigia makofi. Nilikuwa bado nimesimama, nikiyafurahia, nilipomwona mama wa maziwa. Alikuwa amenyolewa nywele. Aliinuka taratibu, na makofi yakakatika.

"Mtoto," alisema, "maziwa yangu umekunywa. Miaka mingi umekunywa. Hayo maziwa ilitoka kwa majani gani?"

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilikaa chini. Yeye akamgeukia ofisa na kumwambia kwamba mume wake hakuingia kwenye ngano, alikufa kwenye njia ya ng'ombe, njia ya babu yake. Ofisa akaandika. Msimamizi wa shamba akasema hapo palipo na miiba ni ndani ya mkuza na kila mtu anajua. Kumbe hakuna aliyejua, isipokuwa mtu mmoja aliyeulima, na huyo alikuwa amekaa pembeni ameshika kofia yake magotini.

Asubuhi iliyofuata polisi waliagizwa kuja kumchukua kaka. Tulijua, maana balozi wa nyumba kumi alipita mapema kutuambia. Nilikuwa nakamua mbuzi nilipowaona baba na kaka wamesimama nyuma ya zizi. Kaka ndiye aliyekuwa anaongea. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaweka mkono juu ya bega la mwanawe akauacha hapo muda mrefu. Nilidhani anambariki, nikageuza uso, kwa sababu kuna mambo ya wanaume ambayo si vizuri kuyatazama.

Siku tatu baadaye msimamizi alimwagiza baba apanue mkuza. Sababu iliyotolewa ni moto, kiangazi kimekuwa kirefu. Sababu yenyewe hata mbuzi zetu waliielewa. Mkuza mpya ungepita juu ya miiba, udongo wote ungegeuzwa rangi moja, na baada ya hapo nani angeweza kusema mpaka wa zamani uliishia wapi? Mama alimfungia baba chakula siku hiyo kwa mikono yake, akamwekea mahindi ya kuchemsha na maharage, akamwambia, "Baba yao, fanya vizuri." Sote tulielewa. Trekta lile lilikuwa linakwenda kumwokoa mtoto wetu.

Baba alilima kutwa. Alilima kutoka korongoni hadi barabara ya kambi, mstari ulionyooka kama alivyozoea. Lakini alipofika kwenye miiba aliinua plau. Alipita juu yake na plau ikiwa hewani, akaishusha upande wa pili. Akageuka, akarudi, akaiinua tena. Ilipofika jioni mkuza mpya ulikuwa mweusi mwanzo hadi mwisho, na katikati yake kilibaki kisiwa cha nyasi kavu, ukubwa wa kibanda, na duara la miiba ndani yake.

Msimamizi alimfukuza kazi palepale.

Jaji alipokuja miezi mingi baadaye kuona mahali pa tukio, pamoja na wazee wa baraza na mawakili waliokanyaga kwa uangalifu wasichafue viatu, hakuwa na haja ya kuuliza mengi. Nilikuwepo, tulikuwepo watu wengi. Kwenye kisiwa kile mizizi ya nyasi ilikuwa imeshikana kama mkeka. Njia ya ng'ombe, iliyochimbika kwa miaka na miaka, iliingia upande huu na kutokea upande ule, ikielekea bwawani. Hapo hapakuwahi kupita jembe wala plau. Jaji aliinama, akang'oa nyasi kwa mkono wake mwenyewe, akatazama mizizi. Kisha akatazama kule ngano ilikoanzia, mbali, ng'ambo ya ukanda wote uliolimwa. Mtu huyu hakuwa ndani ya shamba. Na kama habari ya kuingia kwenye ngano ilikuwa uongo, basi mkuki nao ulikuwa uongo.

Kaka yangu alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Alipelekwa gereza la Arusha.

Waliokuwa wanabishana kuhusu walinzi sasa wakabishana kuhusu baba. Wengine walisema alifanya kama mtu wa kwetu afanyavyo, damu hailimwi, angefanya nini? Wengine wakasema mila ni mila, lakini mtoto ni mtoto, hata kuku hujitupa mbele ya mwewe. Kambini walimwita mzee aliyemuuza mwanawe. Mama hakumtukana. Alimpikia, alimfulia, na usiku alimgeuzia mgongo. Mimi nilifanya jambo baya kuliko yote ambayo mtoto wa kwetu anaweza kufanya bila kunyanyua mkono. Nilimnyima shikamoo.

Kwetu ukiamka hunywi hata maji kabla hujamwamkia mzazi. Asubuhi ile ya kwanza baada ya hukumu baba alikuwa amekaa mlangoni na bakuli lake la uji. Nilipita mbele yake nikiwa na ndoo kichwani, nikatazama mbele. Nilimsikia anangoja. Mtu anaweza kusikika akingoja. Nilipokuwa nimefika uani, nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba."

Kesho yake hivyohivyo. Nikipita, kimya, halafu marahaba. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye nilidhani amechanganyikiwa. Alifanya hivyo hata siku za mgeni, hata siku niliyoolewa nikaja kuaga nikamuaga mama peke yake. Niliolewa Masieda, nikawa narudi mara kwa mara kumsaidia mama, na kila asubuhi niliyolala pale nilimpita mlangoni na kila asubuhi aliitikia salamu ambayo sikuitoa. Miaka sita.

Mara moja katika kila mwaka baba aliuza mbuzi, akapanda lori hadi Arusha kumtembelea kaka. Nilimshangaa uso aliokuwa nao wa kwenda kule. Nilikwenda mwenyewe mara moja, na mama. Kaka alikuwa amekonda, amenyolewa, na askari alisimama karibu akisikiliza kila neno. Aliuliza, "Baba hajambo?" Nikamjibu, "Muulize yeye." Akasema, "Dada, usimkasirikie." Mama akaanza kulia, muda ukaisha. Njia nzima nilisema, jamani kaka yangu ana moyo, hata aliyemfunga anamtetea.

Baba alikufa kwa kifua mwaka wa sita, kipindi ambacho shamba lenyewe lilikuwa limeanza kufa, mashine zikioza kwenye karakana bila vipuri. Nilifika wakati bado anapumua. Alinitazama. Hata hapo sikusema. Niseme ukweli, neno lilifika kooni, na kiburi kikalirudisha. Aliondoka alfajiri. Mama alimfuata baada ya miaka miwili.

Kaka alitoka akiwa na mvi. Nilimpokea Masieda, nikampa kikombe kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Wiki ya pili akasema anataka kwenda kule. Tukaenda pamoja. Shamba lilikuwa magugu na mabua, mkuza haukuonekana tena, na ng'ombe walikuwa wanatembea wanakotaka. Lakini kisiwa kilikuwepo. Hakuna aliyewahi kukilima. Miti midogo ya migunga ilikuwa imeota humo, na mtu, sijui nani, alikuwa anaongeza miiba mipya kwenye duara.

Kaka alisimama mbali kidogo na miiba, akasema bila kunitazama.

"Alikuwa amenipa mgongo. Nilipiga kelele, akaendelea kutembea na ng'ombe wake, kana kwamba mimi ni upepo. Hakuwa na mkuki. Alikuwa na fimbo. Nilikasirika, dada. Ndiyo hivyo tu. Nilikasirika."

Aligeuka akatazama kule ilikokuwa ngano zamani.

"Yale ya mkuki waliandika wao, mimi nikaweka dole gumba. Nilipotaka kubadilisha, mama alikuwa ameshaanza kufunga na kuomba nitoke. Mdomo wangu ukakataa. Basi asubuhi ile, nyuma ya zizi, nikamwambia baba, watakutuma wewe kulima pale. Ukifika, inua plau. Mimi nimeshasema uongo, acha ardhi iseme."

Nikakaa palepale kwenye magugu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini baba hakuniambia, miaka yote ile, neno moja tu.

"Nilimwambia awaambie," kaka akasema. "Alikataa. Alisema, 'Mama yenu anaweza kuishi akinikasirikia mimi. Akijua umejifunga mwenyewe, atakukasirikia wewe, na hilo hataliweza.' Na kuhusu wewe, alisema mdomo wako hauna breki, ungemwambia siku hiyohiyo."

Ningemwambia. Ni kweli, ningemwambia.

"Nilipomuuliza gerezani unaendeleaje na dada," kaka akaendelea, "alisema vizuri, ananiamkia kila siku."

Nililia mpaka ng'ombe waliokuwa karibu wakasogea. Kaka alikaa kando yangu, hakunigusa, maana alikuwa bado hajiamini kumgusa mtu. Jua lilikuwa linashuka upande wa mlima tulipoondoka. Tulikwenda kulala kwenye nyumba ya zamani, ambayo sasa anakaa mdogo wetu na watoto wake.

Asubuhi niliamka kabla ya wote. Nikachukua ndoo, nikaiweka kichwani ikiwa tupu, nikatoka. Pale mlangoni, alipokuwa akikaa na bakuli lake, nikasimama, nikaitua ndoo chini, nikapiga goti, mtu mzima mimi mwenye watoto.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwa sauti.

Kisha nikangoja, kama yeye alivyokuwa akingoja.